Uji wa Mukhwana

Nyinyi vijana mnaoingia sasa kwenye majiko ya hospitali, nimewaona. Mnavaa kofia za karatasi, mnapima joto la mchuzi kwa kijiti cha chuma, mnalalamika kwamba mashine ya kukatia mboga imechelewa kutengenezwa. Sisemi kwamba mnadeka. Nawaonea wivu tu. Na kwa kuwa wivu nimepika nao miaka mingi kuliko nilivyopika na vitunguu, ngoja niwaeleze ulianzia wapi.

Nilikuwa mpishi wa kituo kimoja cha afya upande wa mtaa wa Huruma, chenye wodi ya watoto nyuma. Mpishi peke yangu. Jiko lilikuwa la kuni, ndani ya kibanda cha mabati chenye tundu la kutolea moshi, tundu ambalo moshi wenyewe haukuwahi kulitambua. Kuni zikija mbichi, nilitokwa na machozi tangu asubuhi hadi mchana, na wagonjwa wapya walinipa pole wakidhani nimefiwa.

Hata hivyo kazi niliijua. Uji wa watu wengi hauanzi kwenye maji ya moto. Koroga unga kwa maji baridi kwanza, uwe laini kama rangi ya kupaka ukuta, ndipo uumimine kidogo kidogo kwenye maji yanayochemka, na mkono mwingine usiache kukoroga. Ukiona madonge, usihangaike kuyaponda kwenye ukingo wa sufuria. Chuja. Unga aliotuletea mwenye tenda ulikuwa na wadudu, kwa hiyo niliuchekecha, na siku za ukaguzi niliuchekecha tena.

Katika miaka ile ya tisini wagonjwa walikuwa wameanza kuchangia gharama. Kitanda unalipia, sindano unalipia, glavu unatumwa kanunue. Chakula ndicho pekee kilichobaki cha bure, na kilifanana na bei yake: uji mweupe asubuhi, ugali na mboga ya sukuma mchana, uji mweupe tena jioni. Mtoto aliyeota meno mawili utampa sukuma aifanyie nini?

Ndipo mradi ukaja.

Ulikuwa utafiti wa lishe. Wenye pesa walikuwa ng'ambo, na aliyeusimamia hapa alikuwa kijana wa Meru, Daktari Koome, mtu mpole aliyefunga miwani yake kwa uzi isianguke. Walitaka kujua kama watoto waliodhoofika kwa kukosa chakula wangepona upesi zaidi wakipewa maziwa yaliyochanganywa na sukari, mafuta na unga wa madini, kuliko wakila chakula cha kawaida cha wodi. Walipaka kuta rangi. Walituvutia maji ya bomba hadi ndani. Wakaleta kabati la dawa lenye kufuli. Kisha wakaja kwenye kibanda changu, wakakigawa kati kwa plaiwudi. Upande wa pili wakaweka jiko la gesi, friji na mizani iliyong'aa mpaka ukiinamia unajiona uso.

Nilijua mpishi wa upande ule nitakuwa mimi. Nilikuwa nimeshamwambia mume wangu, na kitambaa kipya cha kichwa nilikuwa nimeshanunua. Wakamwajiri Ndunge.

Ndunge alikuwa mwenyeji wa Kitui, mke wa karani mmoja wa mjini, mdogo wangu kwa umri. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, nao walitaka mtu wa kusoma vipimo. Alipewa aproni nyeupe, viatu vya mpira, na chai ya maziwa saa nne. Yangu ilikuwa ya rangi na ilinuka moshi.

Wivu una masikio, wanangu. Kupitia plaiwudi ile nilisikia gesi ikishika kwa kiberiti kimoja. Nilisikia mlango wa friji ukijifunga taratibu, kama mlango wa tajiri. Nilimsikia Ndunge akiimba nyimbo za kanisa, na kwa kuwa hakuwa na moshi kooni, aliimba beti zote.

"Mama Ayuma," aliniita siku ya kwanza akichungulia, "una chumvi?"

"Mradi haukuleta chumvi?" nikamjibu.

Akacheka, akidhani namtania. Sikuwa namtania.

Sasa niwaambie kuhusu Nasimiyu. Alikuwa mama mdogo kutoka Bungoma, akiishi kwenye gorofa za Huruma na mume wake, Wekesa, aliyefanya kibarua viwandani. Alikuja na pacha wawili wa kiume, mmoja mgongoni na mmoja kifuani, wote wepesi kama nguo zilizoanikwa. Kwa desturi ya kwao, pacha anayetangulia kuzaliwa huitwa Mukhwana na anayemfuata huitwa Mulongo. Mukhwana alikuwa na macho makubwa. Mulongo alikuwa na kilio kikubwa. Hivyo ndivyo tulivyowatofautisha.

Kila mtoto aliyeingia kwenye utafiti alifunguliwa bahasha. Ndani iliandikwa maziwa, au chakula cha wodi. Daktari hakuchagua, sista hakuchagua, mama hakuchagua. Waliopata chakula cha wodi nao walilala bure, walitibiwa bure na kupimwa uzito kama wenzao, ila walikula kwangu. Bahasha ya Mulongo ikasema maziwa. Ya Mukhwana ikasema chakula cha wodi.

Mlo wao wa kwanza niliutazama kutoka mlangoni. Ndunge alikuja na kikombe cha maziwa yenye harufu tamu, mimi nikaja na bakuli la uji. Nasimiyu alikuwa amewapakata wote wawili. Mulongo alipoanza kunywa, Mukhwana aliusukuma uji wangu, akanyoosha mkono kukifuata kile kikombe. Hakulia. Aliunyoosha tu, ukabaki hewani.

Sista wa mradi alikuwa amesimama pale, kwa sababu sheria ilikuwa maziwa yanywewe mbele yake. "Mama, usimgawie huyo mwingine," akasema kwa upole. "Tukigawa hatutajua ni nini kilimponya nani."

"Sista," Nasimiyu akasema, "hawa nimewanyonyesha pamoja. Sijawahi kumwambia mmoja kwamba hili titi si lako."

Sista akatazama chini. Hakuwa mtu mbaya. Lakini alibaki pale mpaka kikombe kikaisha.

Niliporudi jikoni nilikuwa nawaka. Mkono wa yule mtoto ulikuwa umenielewa. Ulikuwa unataka kile kile nilichokitaka mimi, cha upande wa pili wa plaiwudi. Nikaamua uji wangu utayashinda maziwa ya Ndunge.

Nilikuwa na rafiki aliyeuza omena, dagaa wa ziwani, sokoni Huruma, mmoja wa wale akina mama wanaokuita mteja wangu hata kama hujanunua tangu Krismasi. Alinipa zilizovunjika, zile asizoweza kuuza. Nikazikaanga kavu, nikazitwanga zikawa unga. Nikatwanga njugu karanga. Nikatia mafuta. Uji uliotoka ulikuwa mzito, wa kahawia, wenye harufu ya chakula cha kweli, nami niliupeleka wodini nikitembea kama bibi harusi.

Wodi nzima iliharisha.

Chekeni tu, ila mjifunze. Mtoto aliyekaa muda mrefu bila chakula, tumbo lake limesahau kazi. Ukimletea mzigo mkubwa mara moja, unaweza kumuumiza vibaya, hata kumwua. Sikulijua hilo. Aliyelijua ni Ndunge. Alizunguka plaiwudi jioni ile nikiwa nasugua sufuria kwa hasira, akafunga mlango nyuma yake.

"Mama Ayuma, umewapa wagonjwa chakula cha harusi."

"Umekuja kunisema?"

"Nimekuja kukuonyesha. Siku za kwanza, mwepesi na kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Hamu ikirudi, hapo ndipo unaanza kuongeza hizo omena zako. Kijiko kimoja kwanza, uone. Na mpe kwa kikombe, si chupa. Chupa za hapa hazioshwi vizuri."

Angeweza kwenda kunishtaki kwa matroni. Hakwenda. Nilifuata maneno yake yote, na nilimchukia zaidi kwa sababu yalikuwa ya kweli. Mwalimu wangu wa kazi alikuwa ni yule yule niliyemwonea kijicho, na hakuna darasa gumu kuliko hilo.

Watoto wakaanza kushika uzito. Mukhwana akaacha kuusukuma uji. Aliungoja upoe, kisha alikishika kikombe kwa mikono yote miwili na kunywa mwenyewe, akinitazama juu ya ukingo kama mtu anayekagua kazi ya fundi.

Ndipo Daktari Koome akaja jikoni. Hakuniita ofisini, alikuja mwenyewe, akaketi juu ya gunia la makaa na suruali yake safi.

"Mama, watoto wa chakula cha wodi wananenepa," akasema.

"Asante, daktari."

"Nimeambiwa umebadilisha uji."

Nikaendelea kukoroga.

"Ni uji mzuri," akasema. "Tatizo ni kwamba waliotoa pesa wameniuliza swali moja: kati ya maziwa na chakula cha kawaida cha wodi za Kenya, kipi kinaponya zaidi? Wodi nyingine hazina wewe wala omena. Kama uji wa hapa si wa kawaida, sina jibu la kuwapa. Nikikosa jibu, maziwa hayataenda popote. Yataishia hapa kwetu."

"Kwa hiyo unataka nipike vibaya."

"Nataka upike kama ulivyopika tulipokuja."

"Ndivyo hivyo vibaya ninavyosema."

Alivua miwani, akaipangusa kwa shati. "Hata mimi nina mtoto," akasema. "Sifurahii kukuomba hivi."

Nilimwamini, na hilo ndilo lililonikasirisha. Ningependa awe mtu wa kuchukiwa. Matroni naye aliniita akanikumbusha kwamba bomba ni la mradi, rangi ni ya mradi, dawa zile ni za mradi, na mradi ukiondoka tutarudi kuchota maji kwa ndoo. Yote kweli. Tukakubaliana hivi: watoto waliomo kwenye utafiti watakula uji mweupe, na wasiomo nitawapikia nipendavyo. Ikawa sasa nina sufuria mbili, na Ndunge ana yake. Uji mweupe niliukoroga nimegeuza uso pembeni.

Nasimiyu aliliona badiliko siku ile ile. Alinifuata jikoni na Mukhwana kiunoni. "Kwenye ile karatasi niliyotia sahihi," akasema, "walisema naweza kumtoa mtoto wakati wowote."

"Ukimtoa, kitanda na dawa utalipia."

"Hatalala kitandani. Atakaa hapa kwako mchana, jioni baba yake atamchukua. Jikoni kunalipiwa?"

Hakuna aliyekuwa amewahi kuuliza swali hilo. Jikoni hakukulipiwa. Daktari Koome alimweleza mara mbili atakachokosa, naye akasikiliza mara zote mbili, kisha akamtoa. Mulongo akabaki wodini na mama yake na maziwa yake. Mukhwana akawa wangu mchana, juu ya mkeka, mbali na moto. Wekesa alikuja kumchukua akitoka kazini, kwa miguu, nguo zake zikinuka sabuni.

Nitawaambia ukweli wa siku zile: zilikuwa tamu, na zilikuwa mashindano. Kila Ndunge alipopita na Mulongo mabegani, nilitupa jicho kwenye mashavu yake. "Ameongezeka huyo?" nilimuuliza kana kwamba sijali. "Kidogo," alijibu, na mtoto alikuwa kama mkate. Mukhwana aliongezeka pia, lakini polepole. Maziwa yale yalikuwa na madini ambayo hakuna omena ingeleta. Nilitaka sana ampite ndugu yake. Hakumpita.

Mulongo alipopona waliruhusiwa, na muda si mrefu Wekesa akahamishia familia Mukuru kwa Njenga, karibu na kazi. Gari la mradi lilikwenda hadi kule kumpima Mulongo, maana waliomaliza maziwa walifuatiliwa. Mukhwana hakuwa kwenye hesabu yao. Mhudumu wa gari alikuwa akimbeba na kumrusha juu kumchekesha, basi.

Baridi ya Julai ilipoingia, wote wawili walishikwa na kifua. Siku hiyo gari lilikuwa limekwenda kumpima Mulongo, likawakuta wanapumua kwa shida, likawaleta wote wawili kituoni kwetu. Dereva hakusita. Nilitoka jikoni nikamwona Nasimiyu akishuka nao.

Mulongo alipelekwa upande wa mradi, akachomwa sindano pale pale. Mukhwana aliandikishwa upande wetu, na upande wetu sindano ile ilikuwa imeisha. Karani wa dirishani akamwandikia Nasimiyu karatasi ya kwenda kununua. Wekesa, aliyekuja mbio kutoka kazini, akaichukua na kuondoka kutafuta duka la dawa.

Dawa yenyewe ilikuwa ndani ya kabati, ng'ambo ya ukuta, tuliziona chupa zake kupitia kioo. Daktari Koome alikuwa mkutanoni mjini. Sista aliyekuwa zamu alikuwa mgeni, na ufunguo alikuwa ameukamata mkononi kana kwamba unaunguza. Aliyekwenda kumwomba ni Ndunge. Nilisimama nyuma yake na mwiko wangu, nikamsikia.

"Sista, ni pacha wake. Ugonjwa ni ule ule."

"Hayumo kwenye utafiti. Kila chupa inaulizwa. Nikitoa moja nitasema nini?"

"Sema mpishi aliiba."

Sista akaanza kulia, lakini hakufungua. Na mimi, hata saa ile, nilimwonea Ndunge wivu. Yeye alikuwa na mlango wa kubisha. Mimi kule sikujulikana hata jina.

Wekesa alirudi na dawa. Alikuwa ameikumbatia kifuani isivunjike. Mukhwana alikuwa ameshatutoka, mikononi mwa mama yake, wakati Mulongo amelala usingizi mzuri kitanda cha upande wa pili.

Daktari Koome alipopata habari alikuja jikoni akasimama. Hakuketi. "Ningekuwepo ningempa," akasema.

"Najua," nikamjibu. Nilikuwa na uji wa jioni wa kupika.

Utafiti ulikwisha, na maziwa yakashinda. Palifanyika karamu ya kuagana katika hoteli kubwa mjini, Ndunge akaalikwa, mimi sikualikwa. Aliniletea sambusa mbili zimefungwa kwa karatasi laini, nikazila zote nikilalamika kwamba hazikutiwa pilipili. Baada ya hapo mradi ukafungasha. Jiko la gesi likatoka, friji ikatoka, hata plaiwudi wakaing'oa. Ndunge akabaki bila kazi. Matroni alipomchukua awe msaidizi wangu, siku yake ya kwanza nilimpa kuni mbichi makusudi, nikakaa nje nikimsikia akikohoa katikati ya wimbo. Kisha nikaingia nikazitoa. Tulipika pamoja mpaka nilipostaafu.

Maziwa yale leo yapo kwenye hospitali nyingi. Nyinyi mnayachanganya bila kufikiri, na mtoto wa yeyote anapewa. Kwa hiyo Daktari Koome aliniambia kweli siku ile juu ya gunia, na lazima niiseme. Kila nikiona kikombe kile mkononi mwa mtoto nisiyemjua, nafurahi, na moyo unanichoma. Huyu bahasha yake imefunguliwa lini? Hakufunguliwa yoyote. Amekuta tu maziwa yapo.

Baada ya miaka mingi, nimeshastaafu, nilikwenda Soko la Burma kununua nyama ya harusi ya mjukuu. Nikasikia naitwa. Alikuwa Nasimiyu, amenenepa, nywele zimeingia mvi, na kando yake kijana mrefu, kifua kipana, amebeba mguu wa mbuzi begani kama kitu kisicho na uzito. Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Nilimtazama viatuni, magotini, mabegani, na niliona wivu ambao sikuwahi kuuona hata wakati wa jiko la gesi. Kila alichokuwa nacho, urefu ule, meno yale, nilimdai kwa ajili ya mwingine.

Tuliketi kwenye benchi la mchoma nyama. Nasimiyu aligawa nyama kwenye sinia. Niliona mkono wake ukikata kipande cha kijana mara mbili na kuweka nusu pembeni, halafu akatambua, akazirudisha pamoja.

Kijana alisubiri mama yake aende kunawa mikono. "Shosho," akaniambia, "ati ni wewe ulikuwa unampikia ndugu yangu?"

"Ni mimi."

"Alikuwa anapenda nini?"

Nikamwambia. Uji wa omena, upoe kwanza. Hataki kulishwa. Anashika kikombe kwa mikono yote miwili, anakutazama juu ya ukingo. Akishiba anakirudisha kikombe mwenyewe, hakitupi.

Alikuwa ameacha kula. Alinitazama kwa macho ambayo niliyajua vizuri, maana nimeishi nayo maisha yangu yote.

"Wewe una bahati," akasema. "Mimi simkumbuki."